Bwana Samaki na Mwamba wa Kwao

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nasema hivyo si kwa majivuno, ingawa majivuno ninayo na nimeyafanyia kazi. Nilianza kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka Masukulu hadi barabarani. Darasa la nne ndilo mwisho wangu. Leo nina Fuso mbili, Canter moja, nyumba ya bati la rangi Kawetele, na mabwawa ya samaki ambayo hata watu wa wilayani huja kupiga nayo picha. Nimeona parachichi likipanda bei mpaka wazee wakang'oa migomba, nikaona likishuka wakaipanda tena. Nimeona mwizi akirudisha ng'ombe kwa aibu, na mwenye ng'ombe akikana kuwa ni wake kwa sababu amekonda. Umri huu mtu haji kunishangaza. Anakuja kunichosha tu.

Naandika habari za Bwana Samaki kwa sababu kila wiki naulizwa. Watu wanapita kwenye mabwawa yangu, wanaona nyasi zimeota kingoni, wanasimama: "Bosi, Bwana Samaki yuko wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Jina analo, ila huku hakuna aliyelitumia. Serikali ikikuletea mtaalamu wa mazao anaitwa Bwana Shamba, wa ng'ombe anaitwa Bwana Mifugo, na huyu alipoletwa kwa ajili ya samaki, basi. Alitoka pwani, upande wa kusini kabisa, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kwenye hifadhi ya bahari. Halafu akahamishiwa Rungwe, milimani, ambako samaki ni wa kuchimbiwa shimo. Watu walidhani amekosea kujaza fomu. Kumbe alikuwa ameomba mwenyewe. "Niliwaambia wanipeleke mahali ambapo bahari haionekani," aliniambia siku moja. "Wakaniuliza Dodoma? Nikasema mbali zaidi."

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake la mvua alilivaa hata siku za jua, ambazo hapa Tukuyu ni chache. Baridi yetu hakuizoea mpaka mwisho. Alipokuja bwawani kwangu hakuanza na salamu. Alichuchumaa kwanza, akachota maji kwa kiganja, akayanusa kama mama anavyonusa maziwa ya jana, ndipo akainua uso.

"Tajiri, umewalisha kupita kiasi."

"Nimewapa pumba za kawaida."

"Umewapa pumba za kujionyesha. Samaki hajui kama una magari."

Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemfukuza. Yeye nilimwachia, kwa sababu wiki hiyohiyo perege walianza kuelea matumbo juu, na aliyevua suruali akaingia bwawani kuwatoa alikuwa yeye, si wafanyakazi wangu ninaowalipa.

Tena Bwana Samaki mwenyewe alikuwa hali samaki. Hilo lilitusumbua sana. Ukimpelekea perege wa kukaanga na mbalaga, ndizi zetu zile za kupika, alikula ndizi zote, akasogeza samaki pembeni ya sahani kwa ustaarabu, kama mtu anayesogeza simu ya mwenzake. Mke wangu aliona ni dharau. Akamuuliza, "Kwani, Bwana Samaki, hawa wa bwawani wana nini?" Akajibu, "Hawana kitu, mama. Mimi nilikula sehemu yangu yote nikiwa mdogo." Mke wangu hakuridhika, ila tangu siku hiyo akawa anampikia maharage.

Mwezi nao. Huku kwetu ukungu ukishuka huoni hata mgomba wa jirani, seuze mwezi. Lakini yeye alikuwa anazijua siku za mwezi kwa hesabu ya Kiislamu, na utakuta tuko katikati ya kupakia ndizi, mvua inatumwagikia mabegani, anasimama anasema, "Leo kwetu maji yamekupwa mpaka mwisho. Wanawake wako mwambani." Halafu anaendelea kuhesabu mikungu. Wapakiaji walimwiga. Mmoja akawa anasema kila asubuhi, "Leo Tukuyu maji yamejaa mpaka kwenye soksi." Bwana Samaki alicheka pamoja nao. Alijua kucheka. Ila kicheko chake kilikuwa kifupi, kama taa ya betri iliyokaribia kuisha.

Siku moja mvua ilitukamata Mpuguso kwenye kibanda cha mama anayetuuzia chai. Mama yule ni mtu mzima, Kiswahili chake kimejaa Kinyakyusa, na anapenda kuuliza. Alikuwa amesikia redioni habari za matumbawe, akataka kujua ni nini.

"Ni kama mawe yanayoota chini ya bahari," akasema Bwana Samaki. "Mwamba mzima umejengwa nayo. Samaki wanazaliana humo."

"Mawe yaote? Mwe! Tata, usinidanganye."

"Si mawe, mama. Ni wadudu wadogowadogo. Kila mmoja anajenga kijumba chake, anafia humo, mwingine anakuja kujenga juu yake."

Mama akafikiri, birika mkononi. "Basi ni kama sisi. Si tunazika uani tunalima palepale? Migomba ya nyuma ya nyumba yangu inamla mama mkwe wangu. Tamu fijo, tamu mno."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Bwana Samaki akasema, "Ndivyo hasa. Sasa mtu akija na tingatinga uani kwako?"

"Nampiga mwiko wa kichwa."

"Kule wapo waliokuja na baruti. Wengine na nyavu za kukokota, zinapita juu ya mwamba zinakwangua kila kitu. Ndipo serikali ikaweka maboya. Ndani ya maboya hakuna kuvua."

"Mlifanya vizuri," akasema mpakiaji mmoja.

"Tulifanya sahihi," akasema Bwana Samaki. "Vizuri, sijui."

Niliisikia tofauti hiyo nikaiacha ipite. Mimi ni mtu wa biashara, maneno mawili yanayofanana nayaweka gunia moja. Nikamwambia tu habari yangu mwenyewe: nilipokuwa kijana nilikuwa nakata mianzi kwenye msitu wa mlimani, ule uliofungwa. Baba yangu alikata, babu alikata, halafu siku moja tukaambiwa ni hifadhi. Askari wa msitu alinikamata, akaninyang'anya panga na mianzi, akanitembeza kijijini mchana watu wote wanaona.

"Maji mnayokunywa yanatoka msitu huo," akasema Bwana Samaki.

"Najua. Sasa hivi najua."

"Yule askari ukikutana naye leo utamsalimia?"

"Alishafariki. Sikwenda kuzika."

Akainama, akawa anakwangua tope la viatu vyake mpaka mvua ikakatika. Nikadhani ni uchovu wa kazi.

Sasa, habari ya misiba. Hapa Unyakyusa mtu akifa kijiji chote kinahamia hapo. Lakini Bwana Samaki alituzidi wenyewe. Hakuna msiba alioukosa, wa Mkristo, wa mlevi, wa mtu ambaye hata majirani walikuwa hawamkumbuki vizuri. Alikuja na koti lake, akapasua kuni, akachota maji, akakaa na wazee mpaka siku ya kuanua matanga. Mwislamu huyo, anaimba nasi nyimbo za kanisani kwa kuguna tu, maneno hayajui. Wapo waliosema anafuata wali. Uongo, wali hakuugusa mpaka wenye msiba wale. Mimi nilimwambia, "Wewe unapenda misiba kama wenzako wanavyopenda mpira." Akasema, "Napenda kuona mtu anasindikizwa."

Na ubishi pia alikuwa nao. Ukija na mchezo kwenye sheria alikuwa mkali. Mtu akichepusha mto kujaza bwawa lake bila kibali, alibomoa kingo kwa jembe lake mwenyewe. Lakini kuna mwaka walikuja maofisa kutaka kufunga uvuvi kwenye kiziwa kimoja cha juu huku, kile cha shimo la volkano, ili watalii waje. Wakaitisha mkutano. Wakamsimamisha yeye kama mtaalamu aseme faida. Akasimama, akatazama watu, akauliza, "Wanawake wanaochota maji pale, nani amewauliza?" Akakaa. Hiyo ndiyo hotuba yake nzima. Maofisa walikasirika mno. Nikamfuata nje: "Bwana Samaki, umekaa upande gani? Wewe si ndiye wa kufunga?" Akasema, "Ukifunga bila kuuliza, umefunga mlango na wewe uko nje." Alisema kwa uchovu, kama mtu anayerudia namba ya simu kwa asiyesikia.

Habari yenyewe alinipa mwaka wake wa mwisho kazini, tumekaa kwenye kingo za bwawa la chini, mvua ya rasharasha. Sikumwuliza. Nilimwuliza tu atarudi lini kwao, maana kustaafu kulikuwa kumefika.

"Kwetu sina salamu," akasema.

Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto. Aliyemlea ni baba yake mdogo, mvuvi, mwenye nyavu ya kukokota. Nyavu hiyo ndiyo iliyomlisha na kumsomesha mpaka akawa mtaalamu wa kujua kwamba nyavu hiyo inaharibu mwamba. Hifadhi ilipoanzishwa wakamwajiri, wakamweka kwenye boti ya doria, kwao kwenyewe. Asubuhi moja walimkuta mzee wake huyo ndani ya maboya.

"Ningeweza kugeuza uso," aliniambia. "Lakini tulikuwa wengi botini, na wote walikuwa wananitazama mimi waone kama nitageuza."

Nyavu iliburutwa mpaka pwani, ikachomwa moto mchangani mbele ya watu. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Mzee hakumlaani. Aligeuka akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo kijiji kilimsusa. Kususwa kwa kule si matusi. Hawakupigi. Hawakusalimii tu, hawaji harusini kwako, hawakuiti msibani. Mama yake alipofariki alikwenda. "Walimzika vizuri sana," akasema. "Mimi hakuna aliyenipa mkono."

Nikauliza swali la mfanyabiashara. "Na samaki je?"

"Wamerudi. Ndilo linaloniuma. Ningekuwa nilikosea, ningeomba msamaha nikalala. Nimechoka kuwa sahihi, Tajiri." Akatupa jani la mgomba majini. "Nikifia huku mtanizika, tena vizuri, najua. Lakini nitakuwa mgeni hata kaburini."

Nikamwambia ajiandae, tunakwenda wote. Mimi mambo ya ugomvi wa ndugu nayajua. Kwetu huku haulizwi nani alikosa. Unaleta dume la ng'ombe, linachinjwa, mnakula wote. Aliyekula amesamehe. Asiyetaka kusamehe hali, na watu wanamwona. Akakataa, nikasisitiza, akakataa tena, nikapakia Canter. Ndizi nyuma, maparachichi juu ya ndizi, na njiani tukasimama kwenye mnada nikanunua dume jekundu, pembe kama mikono ya baiskeli. Niliendesha mwenyewe. Madereva ninao, lakini hii haikuwa kazi ya dereva. Tulipoanza kuona minazi Bwana Samaki akavua koti la mvua, akalikunja vizuri, akaliweka miguuni, na hakulivaa tena.

Kijiji chake kiko ukingoni kabisa mwa bahari. Tulipokelewa na wazee chini ya banda lao la samaki, na nasema kweli, kwa adabu niliyoiona pale sisi watu wa mlimani tuna kelele. Waliniamkia, wakanipa kiti, wakaniuliza habari za njia, za mvua, za watoto. Bwana Samaki alikuwa amesimama pembeni yangu, bega kwa bega. Mwenyekiti wao akaniambia, "Karibu sana mgeni wetu. Umekuja peke yako?"

Sijawahi kusikia swali baridi kama lile, na mimi nimelala baridi ya Kitulo, juu milimani.

Baba yake mdogo alikuwa pale, mzee mfupi mwenye kofia safi. Alimtazama dume, akanitazama mimi, akatazama bahari.

"Ng'ombe tunamwona," akasema mwenyekiti. "Harusi ya nani?"

"Si harusi. Ni ya kupatana."

"Nani kagombana? Hapa hakuna ugomvi."

Basi. Ndizi wakazipokea kwa ajili ya watoto, dume likafungwa kwenye mnazi, na hakuna aliyelitaja tena. Utamchinjia nani ng'ombe kama hakuna ugomvi?

Aliyetupa chumba ni shangazi yake, mama mzee mkavu mwenye mikono ya mvuvi wa pweza. Alitandika vitanda, akaleta maji, akaleta wali. Nikamshukuru kwamba yeye angalau amempokea mtoto wake. Akaniambia mbele ya Bwana Samaki, "Nimempa chumba. Sijampa salamu."

Lakini shangazi alikuwa na mdomo, na kwa sababu hakuweza kusema naye alisema nami, ili asikie. Akanieleza kwamba wao wenyewe, wanawake na wavuvi wa kijiji, wamefunga kipande cha mwamba. Pweza walikuwa wamekwisha. Wakakaa, wakabishana msimu mzima, wakakubaliana miezi mitatu mtu asikanyage. Wakachomeka vijiti vyenye makuti, wakapangiana zamu ya kulinda, wakaweka faini. Keshokutwa mwamba unafunguliwa, kijiji chote kinaingia.

"Aliyewafungia ni nani, hifadhi?" nikauliza.

"Sisi. Wale wana maboya yao huko mbele, na bunduki. Hapa ni kuti tu."

Bwana Samaki akainua kichwa. "Shangazi, kwa hiyo mmekubali kwamba kufunga kuna..."

"Mwambie mwenzako," shangazi akaniambia mimi, "asianze."

Nikacheka. Bwana Samaki hakucheka, lakini nilimwona amefunika mdomo kwa mkono, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeonyeshwa mtoto wake akiwa ameshakua kwenye nyumba ya watu wengine.

Asubuhi niliamka mapema, ndiyo desturi yangu, utajiri haulali. Nikaona dume limesimama kinyonge kwenye mnazi. Sasa sisi wafugaji wa Rungwe tunajua kitu kimoja: ng'ombe bila chumvi hana raha. Dukani Tukuyu chumvi ya ng'ombe nainunua kwa mfuko. Pale mbele yangu, bahari nzima, bure. Si kwamba nilitaka anywe, mimi si mjinga. Nilitaka arambe. Na bahari ilikuwa imesogea mbali ajabu, imeacha uwanja mpana wenye madimbwi na mawe yaliyolowa, yanang'aa kwa chumvi. Nikamfungua, nikavaa gambuti zangu, tukashuka.

Dume lilifurahi. Liliramba jiwe, likaramba lingine, likawa linakwenda mbele na mimi nimeshika kamba nyuma. Vijiti vyenye makuti niliviona. Sikufikiri kwamba ndivyo vile vya shangazi, nilidhani mtu ameanika kitu. Mwamba uliofungwa mimi kichwani kwangu ulikuwa huko baharini, ndani ya maji marefu, mahali pa kwenda na mtumbwi. Hakuna aliyenieleza kwamba bahari ikitoka, mwamba ndio huo unatembea juu yake. Chini ya gambuti kulikuwa na mlio, kruu, kruu, kama kutembea juu ya vigae. Nikafikiri, mawe ya huku ni mepesi.

Kisha nikasikia kelele. Wanawake wamesimama ufukweni, mikono kichwani. Na mbele yao mtu anakimbia, peku, suruali ameikunja mpaka magotini, mzee mzima wa kustaafu anakimbia kama amefukuzwa na nyuki.

"Simama! Tajiri, simama hapohapo! Usiinue mguu!"

Nikasimama. Dume halikusimama, likateleza, kwato ikazama kati ya mawe, likavunja kipande kikubwa kama sahani. Bwana Samaki hakuja moja kwa moja. Alizunguka. Kulikuwa na njia ya mchanga katikati ya mwamba, nyembamba, inapinda, mimi nisingeiona hata nikiitafuta wiki nzima. Aliifuata bila kutazama chini. Akashika kamba, akamgeuza dume polepole, akinielekeza, "Weka mguu nilipotoa wangu. Hapo. Sasa hapo." Tukatoka hivyo, mimi, yeye na ng'ombe, kijiji kizima kimejipanga kinatazama.

Banda la samaki lilijaa kabla hatujafika. Nikatoa pochi mapema, nikasema kwa sauti yangu ya sokoni kwamba nimekosa, sikujua, na hela ninayo, watamke tu.

Mwenyekiti akainua mkono. "Rudisha, mgeni. Hatujakuuliza wewe. Mgeni hana kosa. Kosa la mgeni ni la mwenyeji wake." Akatazama watu. "Mwenyeji wake nani?"

Nikaelewa kwa kuchelewa. Kumjibu swali hilo ilibidi mtu amtaje Bwana Samaki. Shangazi alikuwa anatazama kucha zake. Mzee mwenye kofia safi alikuwa anatazama bahari, ambayo ilikuwa inarudi.

"Mimi," akasema Bwana Samaki.

Ndipo wakamtazama. Wote kwa pamoja.

"Mgeni ni wangu. Sikumwambia mwamba unaanzia wapi. Mimi ndiye ninayejua, na sikumwambia. Nimekosa."

Baba yake mdogo hakugeuza kichwa, lakini ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea.

"Faini yetu haina karatasi ya serikali. Unajua?"

"Najua, baba."

"Wala bunduki hatuna."

"Najua."

"Unaikubali?"

"Naikubali."

Mzee akavua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena. "Sisi ya kwako hatukuikubali."

"Najua, baba."

"Pweza unaona tumefunga wenyewe. Mngetuuliza siku ile tungefunga siku ile."

Mzee akavuta kanzu yake upande mmoja, akasogea kwenye benchi, ikabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Kaa basi," akasema.

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyelia. Upande wa pili wa banda wapo waliosimama wakaondoka, kwa sababu moto ule wa mchangani waliuona wengi na si wote waliokuwa na nafasi ya kumpa. Lakini wengine walibaki, na kazi ikaendelea, maana bado palikuwa na faini. Kila aliyekanyaga, elfu thelathini. Katibu wao akasema basi ni sitini, mtu mmoja na ng'ombe mmoja.

"Haiwezekani," shangazi akadakia. "Thelathini ni ya miguu miwili. Ng'ombe ana mingapi?"

Banda likacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Hata mimi nilicheka, nikiwa mshtakiwa.

"Na huyu?" katibu akauliza, akimwonyesha Bwana Samaki kwa kalamu. "Naye aliingia."

"Alipita mchangani," akasema shangazi. "Nilimwangalia miguu."

Sikungoja mwamba ufunguliwe. Nilikuwa na ndizi za kupeleka Dar na magoti yangu hayataki tena safari ndefu. Nilirudi peke yangu, kiti cha pembeni kina koti la mvua lililokunjwa, alikataa kulichukua. Alinipigia wiki iliyofuata. Dume lilichinjwa siku ya kufungua mwamba. Nikamwuliza kama mzee alikula. Akasema, "Alichukua fungu lake akaenda nalo nyumbani. Sijui kama alikula." Nikamwuliza kama amepata salamu. Akasema wengine ndiyo, wengine bado, na kwamba siku hiyo maji yamekupwa sana na shangazi anamsubiri abebe kikapu.

Watu wakishamaliza kuniuliza yuko wapi, huuliza safari ile ilinigharimu kiasi gani. Mafuta na ng'ombe nilitoa kwa kupenda, hayo siyahesabu. Bwana Samaki aliingiza mkono mfukoni pale bandani, nikamshika mkono nikalipa mimi: thelathini za miguu yangu miwili, sitini za miguu minne ya dume. Shilingi elfu tisini, taslimu, bila risiti.